Kaburi Lililoitwa Kichuguu

"Ndugu Katibu, huku Gendabi mchwa wanajenga kwa miti?"

Inspekta Ludovika Rwegoshora aliuliza swali hilo akiwa amechuchumaa katikati ya shamba, sketi yake ya kaki ikigusa udongo. Mkononi alishika kipande cha mti kilichochongwa ncha kwa shoka. Vingine alikwisha kuving'oa na kuviweka kando. Vyote alivikuta vimesimama wima ardhini, vimepangwa kwa mduara.

Emilian, katibu wa kamati ya kutathmini uharibifu, alikuwa ameegemea Landrova ya kamati. Viatu vyake vilikuwa safi kuliko vya mtu yeyote aliyeingia Gendabi tangu mvua zianze, jambo ambalo lilimkera Ludovika bila sababu ya kipolisi.

"Mang'ati walikuwa wanafunga ndama hapa," alisema, akiwaita wachungaji wa Kibarabaig kwa jina wanalopewa na wengine. "Hivyo ni vigingi."

"Vigingi juu ya kichuguu?"

"Pembeni yake. Kichuguu kilikuwa hapa katikati, kikasawazishwa ili shamba lipite. Ripoti inasema hivyo."

"Ripoti ni yako."

"Ni ya kamati, ndugu Inspekta."

Ludovika alikifunga kile kipande kwenye leso. Mchwa wanaoishi na miti miaka yote hiyo bila kuila aliona ni mchwa wastaarabu mno, lakini hoja ya ndama ilikuwa na mguu wa kusimamia. Hakimu angeipokea.

Mzozo wenyewe ulikuwa hivi. Novemba iliyopita, mwaka 1975, wakulima wa Kiiraqw na wachungaji wa Kibarabaig walipigana hapa Gendabi, wakigombea bonde la malisho lililogeuzwa shamba la kijiji cha ujamaa. Watu walikufa pande zote mbili. Vurugu zilipotulia iliundwa kamati ya kuandika kila kilichoharibiwa: nyumba, maghala, nyumba za ibada, makaburi na mahali pa mila. Kamati ilifanya kazi kwa bidii. Kigango cha wakulima kilichochomwa kilipigwa picha mbele, nyuma na ubavuni. Mti ambao wazee wa Kiiraqw walikuwa wakiombea mvua chini yake ulipimwa hadi unene wa kisiki. Upande wa Wabarabaig, kwenye safu ya makaburi na mila, kamati iliandika neno moja: hakuna.

Ndipo Gidabuday, mchungaji mwenye umri wa kuwa babu, alipotembea hadi kituo cha polisi Babati akasema kaburi la baba yake limelimwa mwezi wa kwanza. Kuvuruga kaburi ni kosa la jinai, hata marehemu awe nani. Mkoa ukamtuma Ludovika kutoka Arusha.

Alikuwa na leo tu na kesho asubuhi. Kesho, Jumamosi, kamati ilikuwa inafunga kazi yake. Jumatatu kijiji kizima kingeingia shambani kupanda mahindi, na kisichoandikwa kufikia hapo kingekuwa hakijawahi kuwepo. Palikuwa pia na kanuni ya kamati iliyomkereketa zaidi ya viatu vya katibu: shahidi lazima awe mkazi aliyeandikishwa kijijini. Wabarabaig walikuwa na ng'ombe wao mbali wakati wa kuandikishwa. Kwa hiyo Mbarabaig hakuweza kuwa shahidi wa kaburi la Mbarabaig.

"Aliyesawazisha hapa ni nani?" aliuliza.

"Trekta ya wilaya. Dereva amehamishwa."

"Amehamishiwa wapi?"

"Sina hakika."

Ludovika hakubishana. Jana jioni, akipita Katesh, alikuwa amekunywa chai kwa Hasani, mwenye duka na karakana. Nyuma ya karakana aliiona trekta hiyo imekaa juu ya magogo, majani yameota hadi kwenye usukani. Hasani alimwambia inasubiri pampu ya dizeli tangu kabla ya vurugu. Isitoshe, mistari ya jembe shambani hapa ilikuwa myembamba na inayumba, na katikati yake kulikuwa na alama za kwato. Hiyo ilikuwa kazi ya plau na maksai, na njia ya mwongo, kama kawaida, ilikuwa fupi.

Alimkuta Gidabuday pembezoni mwa shamba, amesimama kwa mguu mmoja, fimbo begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wako wanaosema wanao ndio waliolivunja hilo tuta, wapate kudai ardhi."

Gidabuday alimtazama kama mtu anayetazama mvua ya mbali, akipima kama itafika.

"Wewe una baba?"

"Alifariki."

"Ungemlima?"

"Hapana."

"Basi."

"Nahitaji zaidi ya hilo, mzee. Lilijengwaje?"

Mzee alisema polepole, kwa Kiswahili kilichonyooka. Baba yake alikuwa mtu mkubwa, na mtu mkubwa kwao hafukiwi akaachwa. Alivikwa ngozi ya ng'ombe dume. Juu yake watu walijenga kwa miti, udongo na kinyesi cha ng'ombe, mwezi baada ya mwezi, hadi likazidi urefu wa mtu. Siku ya kumalizia, ng'ombe walichinjwa na pombe ya asali ikanywewa.

"Walikuja Wabarabaig peke yao?"

"Watu wote walikuja. Wambulu pia, hawa Wairaqw. Zamani tulikula pamoja."

"Mmoja wao yuko hai? Anaweza kusema?"

"Wako hai wengi," alisema Gidabuday. "Wa kusema, sijui."

Ludovika alikuwa ameona kesi nyingi zikifa kwa kukosa ushahidi, lakini hii ilikuwa na ushahidi uliokatazwa kuingia mlangoni. Alimwita Konstebo Marko, kijana wa Kiiraqw kutoka Tumati aliyepewa kuwa mwenyeji na mkalimani wake, wakashuka kijijini kutafuta maksai.

Kijiji kilikuwa kimetulia, na moshi wa chakula cha mchana ulitoka kwenye paa za nyasi zilizopangwa kwa mistari kama wanafunzi. Marko alieleza kwamba wenye maksai wa kulimia walikuwa wachache, na mchana wanyama hao huchungwa kundi moja kwa zamu. Walilikuta kundi mtelemkoni. Ludovika aliwauliza wachungaji wa zamu kila jozi ni ya nani na ililima wapi mwezi wa kwanza. Majibu yalikuja bila kusita. Hakuna aliyelima upande wa bondeni. Mmoja hata alicheka.

Walipokuwa wakirudi ndipo alipoona jozi nyingine. Maksai wawili weusi, wenye afya, walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba ya mwisho, ndani ya ua wa miti ya minyaa, wakila majani ya kukatwa. Malisho yote yalikuwa kijani hadi mtoni. Mtu gani anajichosha kukata majani wakati mvua imemletea bure?

"Wanaumwa?" aliuliza.

"Hapana, afande."

"Ni wa nani?"

"Wa mzee Akonaay."

Marko alijibu akitazama viatu vyake. Ludovika akaliweka hilo akilini, akaendelea.

Kwenye chemchemi wanawake walikuwa wakichota maji na kupiga soga. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa mbali, juu ya jiwe, mtungi wake mtupu miguuni. Wenzake walipojaza na kuondoka wote, ndipo akainuka. Hakuja penye chemchemi. Alishuka chini, maji yanapopita yakienda zake, akachota kwa kibuyu chake mwenyewe. Ludovika alimsalimu, akamsogelea kwa mkono ulionyooshwa. Mwanamke akarudi nyuma, mikono kifuani.

"Nisamehe, mama. Siyo dharau," alisema, akajitwika mtungi na kwenda zake.

"Huyu ni nani?"

"Ernestina. Mke wa Akonaay."

Wazo la kwanza la Ludovika lilikuwa kipindupindu. La pili lilikuwa wizi, kwamba familia ile imetengwa na wenzao kwa kosa fulani. Lakini wale wanawake hawakumsema vibaya wala kumpa mgongo. Mmoja wao alikuwa amemwachia fungu la mboga juu ya jiwe, na Ernestina alilichukua baada ya mwenye kuliweka kuondoka. Wezi hawaachiwi mboga.

"Marko," alisema, "tangu asubuhi unaona kitu ambacho mimi sikioni. Sema."

Kijana alijipangusa jasho ingawa upepo wa mlimani ulikuwa baridi.

"Naona aibu, afande. Wageni hutucheka kwa mambo haya."

"Mimi ni Mhaya. Tuna yetu ya kuchekwa. Sema."

"Wamefiwa. Kwetu, mtu akiguswa na kifo hukaa kando na watu. Tunaita metimani. Hashikani mikono, hanywi pombe na wenzake, haendi mkutanoni. Maji anachota peke yake. Hata mifugo yake haichanganyiki na ya wengine. Asipofanya hivyo, kifo kinawafuata jirani. Anakaa mpaka wazee waseme muda umetimia."

"Watoto wao?"

"Wanasoma Dongobesh. Wazima."

"Wazazi?"

"Walikufa zamani."

"Basi nyumba ile amekufa nani?"

Ludovika aliona jibu likimfikia kijana yule usoni kidogo kidogo, na yeye mwenyewe lilikwisha kumfikia. Alipata furaha ya kazi, ile inayokuja mara chache kwa mwaka, na papo hapo akaionea haya, maana ndani yake mlikuwa na maiti ya mtu.

"Hakuna aliyekufa," Marko alisema.

"Na mtu hakai matanga ya kichuguu," alisema Ludovika. "Twende."

Akonaay alikuwa ndani ya ua wake akichonga mpini. Alikuwa mwanamume wa makamo, mabega mapana, ndevu zimeanza mvi. Alipowaona aliweka shoka chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usipite hapo, mama. Tuongee hivyo hivyo."

Ludovika alisimama nje ya minyaa. Kwa muda wa kazi yake yote hakuwahi kumhoji mtu kwa kupaza sauti juu ya ua, lakini aliona hakuna namna nyingine ya heshima.

"Pole kwa msiba."

"Asante."

"Umefiwa na nani?"

Akonaay aliangalia maksai wake. "Wewe umetumwa na kamati?"

"Nimetumwa na polisi."

"Ni tofauti?"

"Leo ni tofauti."

Mzee akakaa juu ya gogo. Alipoanza kusema, hakutua mpaka mwisho.

"Nilipewa kazi na kijiji. Wakati ule Wabarabaig walikuwa wamekimbilia Basotu na ng'ombe wao. Nikaambiwa, sawazisha kile kichuguu, pitisha plau. Mimi nilijua si kichuguu, ni kaburi. Nilikuwa kijana likijengwa, nilikula nyama pale. Lakini nilikuwa na hasira, mama. Ghala langu lilichomwa Novemba. Nikasema, aliyeoza ameshakuwa udongo, na udongo hulimwa. Basi plau likanasa. Nikavuta, ikatoka ngozi, na mifupa ndani yake. Maksai wakagoma. Nikavirudisha vyote kwa mikono yangu hii, nikafukia, nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu asinipe mkono."

"Hukumwambia mtu?"

"Nilikwenda kwa Katibu. Nilisimama mbali, nikamwambia. Akasema ni mfupa wa ng'ombe. Nikamuuliza, ng'ombe gani huyo anayezikwa? Akasema nirudi nyumbani, nisivuruge umoja."

Ludovika aliyaandika.

"Utasema haya mbele ya kamati, mzee?"

"Siwezi kuingia mkutanoni nikiwa hivi."

"Kamati ikija hapa?"

Ndani ya nyumba Ernestina alikuwa ameacha kutwanga.

"Wenzangu watasema nimewauza kwa Mang'ati," alisema Akonaay. "Watanitoa kwenye zamu za shamba. Lakini nitakaa humu mpaka lini? Nimewaomba wazee wanihesabie muda wangu, wamekataa. Wanasema serikali imeandika ni kichuguu, na kichuguu hakina matanga. Nikitoka bila wao, naleta kifo kwa watu. Nisipotoka, watoto wangu hawana nyumba ya kurudi likizo. Mlete huyo Katibu. Na mwenye marehemu naye mlete, asikie kwangu, siyo njiani."

Jumamosi asubuhi Landrova ilisimama mbele ya ua wa minyaa. Emilian hakutaka kuja. Alisema kamati husikiliza mashahidi ofisini. Ludovika alimkumbusha kwa upole kwamba jalada la polisi lilikwisha kufunguliwa, na kwamba yeye Emilian angeweza kuja kama katibu au kuitwa baadaye kama mtuhumiwa wa kuficha kosa. Akaja kama katibu. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari, faili magotini. Wanakijiji walikusanyika mbali kidogo, mikono imekunjwa. Gidabuday alisimama peke yake na fimbo yake.

Akonaay alisimama ndani ya ua akayarudia yote, ya hasira na ya ngozi na ya mifupa, kwa sauti ya kufika mbali. Alipofika kwenye hasira alimtazama Gidabuday machoni. Kati ya wanakijiji ulianza mnong'ono, kisha ukafa.

"Shahidi ameandikishwa kijijini?" Ludovika aliuliza.

"Ameandikishwa," alisema Emilian.

"Ana akili timamu?"

"Ndiyo."

"Alikuja kwako na habari hii?"

Katibu alivua miwani, akaifuta kwa shati. Alikuwa mtu wa Mahenge, mwalimu kabla ya kupewa kazi hii, na Novemba alikuwa amebeba maiti za wakulima kwa mikono yake hadi kwenye lori. Ludovika alilijua hilo, na alimhurumia, ila si kiasi cha kumwachia.

"Alikuja," alisema. "Nilijua ni kaburi."



"Sikilizeni nami," aliendelea, bila kupaza sauti. "Likiandikwa kaburi, ardhi imepata mwenyewe. Kesho kutwa litatokea lingine, na lingine. Kila kilima kitakuwa baba wa mtu. Shamba la kijiji litakatwa vipande, na Novemba itarudi. Nilitaka muwe watu wa kijiji kimoja. Sikuandika kwa chuki."

"Ungeniuliza," alisema Gidabuday.

Lilikuwa jambo la kwanza alilolisema tangu afike. Emilian alimgeukia.

"Baba yangu ni mtu mmoja," mzee aliendelea. "Analala mahali pa mtu mmoja. Ungeniuliza, ningekuonyesha mwanzo na mwisho wake kwa fimbo hii. Mngelima pande zote. Mahindi yangemzunguka, yeye angelala. Sasa mimi nina ghadhabu, na huyu," akamwonyesha Akonaay kwa kidevu, "anamlilia baba yangu kuliko kamati nzima. Hili mimi nifanye nini nalo?"

Akonaay aliinamisha kichwa. Ludovika alipanga kuuliza swali jingine la kipolisi, akaona halina kazi tena.

Emilian alifungua faili. Alifika kwenye ule ukurasa, akakata neno lililokuwa pale kwa mstari mmoja, akaandika juu yake. Kisha akajaza eneo, kijiji, na namna ya uharibifu, na kalamu ikasimama kwenye nafasi iliyofuata. Tangu Novemba kamati ilikuwa imepita Gendabi mara nyingi, na hakuna aliyewahi kuuliza kinachoandikwa hapo.

"Jina la marehemu?" aliuliza, macho kwenye karatasi.

Gidabuday aliishusha fimbo begani, akaisimamisha ardhini mbele yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Simama kwanza, ndugu Katibu," alisema. "Jina la baba yangu sitamtajia mtu aliyekaa."

Emilian akaweka kalamu juu ya faili, na faili juu ya kiti. Akasimama.